Jarida Lisilobaki Hata Nakala Moja

Katika kitabu kimoja cha Kijerumani, kilichochapwa mwaka 1930, kuna picha ya majarida yaliyokusanywa pamoja. Mwandishi wa kitabu ni daktari Magnus Hirschfeld wa Berlin, na kitabu kinaitwa Geschlechtskunde, kazi ya juzuu kadhaa kuhusu jinsia na mapenzi ya binadamu. Majarida yaliyomo pichani yalihusu watu waliopenda wa jinsia yao. Mengi ni ya Kijerumani. Moja lina jina la Kiingereza: Friendship and Freedom, yaani Urafiki na Uhuru. Hilo lilitoka Chicago.

Picha hiyo ni karibu kila kitu tulicho nacho. Jarida lenyewe lilitoka mara mbili tu, na hakuna nakala hata moja inayojulikana kuwa imesalia, si Marekani wala Ulaya. Wanahistoria wanalihesabu kuwa jarida la kwanza la aina yake Marekani. Wanalijua kama tunavyomjua babu aliyekufa kabla hatujazaliwa: kuna picha moja, kuna masimulizi, na kuna nafasi tupu ambapo mtu mwenyewe alipaswa kuwa.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nimekuwa nikiifikiria methali hiyo kila ninaposoma habari za majarida haya. Hapa daftari lenyewe ndilo lililopotea. Na halikupotea lenyewe. Lilikuwa na waliolipoteza.

Mwanzilishi wa jarida hilo alikuwa Henry Gerber. Alizaliwa Bavaria mwaka 1892, akahamia Marekani mwaka 1913, akaishi Chicago. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia alijiunga na jeshi la Marekani lililokuwa limekalia eneo la mto Rhine, na kuanzia 1920 hadi 1923 alikuwa katika mji wa Coblenz. Kazi yake huko haikuwa ya bunduki. Alifanya kazi ya uchapaji na kusahihisha prufu za gazeti la wanajeshi. Alijua harufu ya wino na namna ukurasa unavyopangwa, na hilo ni jambo la kukumbuka, kwa sababu nchi aliyopelekwa ilikuwa wakati ule na majarida ambayo hayakuwa na mfano mahali pengine.

Ujerumani ilikuwa na sheria kali. Kifungu cha 175 cha sheria ya jinai ya mwaka 1871 kiliwafunga wanaume waliolala na wanaume. Lakini kuandika juu ya jambo ni kitu kingine kuliko kulitenda, na baada ya ufalme kuanguka mwaka 1918 udhibiti wa magazeti ulilegea. Mwaka 1919 likaanza Berlin jarida lililoitwa Die Freundschaft, maana yake Urafiki, nalo likauzwa waziwazi katika vibanda vya magazeti mitaani. Mwaka 1924 likafuata Die Freundin, Rafiki wa Kike, lililosomwa na wanawake waliopenda wanawake. Ndani yake mlikuwa na hadithi, barua, matangazo ya mabaraza ya kucheza dansi, na matangazo madogo ya watu waliotafuta wenzao. Kabla ya hayo yote kulikuwa na Der Eigene, lililoanzishwa na Adolf Brand mwaka 1896, na kitabu cha mwaka cha kitaalamu ambacho Hirschfeld alianza kukihariri mwaka 1899.

Ebu mfikirie huyo mchapaji mwenye umri wa miaka thelathini hivi, askari wa jeshi la kigeni lakini mzaliwa wa nchi ile, anayeisoma lugha bila mkalimani. Anasimama mbele ya kibanda, anatoa sarafu, anapewa jarida, anatembea nalo mkononi. Hakuna kilichoanguka kutoka mbinguni. Alipanda treni akaenda Berlin kuona zaidi. Aliporudi Chicago alikuwa na wazo ambalo mtu mwoga asingelithubutu: kama inawezekana kule, kwa nini isiwezekane hapa?

Akapata kazi posta. Hilo nalo tulikumbuke.

Desemba 1924 jimbo la Illinois liliandikisha chama kilichoitwa Society for Human Rights, Chama cha Haki za Binadamu. Jina lilichukuliwa kutoka chama cha Ujerumani. Hati ya usajili haikutaja ushoga. Ilizungumza kwa maneno ya jumla kuhusu watu wanaoonewa na kuzuiwa kutafuta furaha yao kihalali, na karani aliyeigonga muhuri hakuuliza zaidi. Rais wa chama alikuwa John T. Graves, mhubiri Mweusi. Wanachama walikuwa wachache mno, na kwa maelezo ya Gerber mwenyewe walikuwa watu maskini. Alijaribu kuwashawishi wasomi na madaktari wajiunge, wakamkwepa. Watu wenye majina walikuwa na cha kupoteza. Hivyo historia ya chama cha kwanza cha namna hiyo Marekani ilianza na karani wa posta, mhubiri asiye na mali na wenzao wachache, na kazi ya kuandika, kuchapa na kulipia jarida ikamwangukia Gerber mmoja.

Friendship and Freedom ilikuwa ndogo na ya bei nafuu. Ugumu haukuwa kuichapa. Ugumu ulikuwa kumpata mtu atakayekubali ifike nyumbani kwake. Sheria ya mwaka 1873, iliyoitwa kwa jina la mpigania maadili Anthony Comstock, ilifanya kuwa kosa la jinai kutuma kitu chochote kichafu kwa posta, na neno chafu halikuwa na mipaka. Anayejiandikisha kupokea jarida huandika jina lake na anwani yake. Orodha ya wasomaji ni orodha ya washukiwa. Kila bahasha ni ushahidi unaosafiri.

Julai 1925 mambo yakaenda kombo. Mke wa mmoja wa viongozi wa chama alimlalamikia mfanyakazi wa ustawi wa jamii, na habari zikafika polisi. Saa nane za usiku mpelelezi aligonga mlango wa Gerber akiwa ameongozana na mwandishi wa gazeti. Hakuwa na kibali cha upekuzi. Walichukua taipureta yake, karatasi zote za chama, vitabu vya hesabu na shajara zake. Kesho yake gazeti likaandika kwamba dhehebu la ajabu limefichuliwa. Hebu tuangalie hapo: habari kubwa ya kwanza kuandikwa juu ya chama kilichotaka kuwa na jarida lake iliandikwa na gazeti la watu wengine, na ndiyo nakala iliyosalia.

Gerber alifikishwa mahakamani mara tatu. Mwishowe hakimu alifuta kesi kwa kuwa kukamatwa kwenyewe hakukuwa halali. Lakini mawakili walikuwa wamekwisha kula akiba yake ya maisha, na posta ikamfukuza kazi kwa mwenendo usiomfaa mfanyakazi wake. Shajara hakuziona tena. Alihama Chicago, akarudi jeshini. Alikuwa ameshinda kesi na kupoteza kila kitu kilichompeleka kwenye kesi.

Nakala zilikwenda wapi? Polisi walichukua zilizokuwa chumbani. Waliokuwa nazo majumbani walisoma gazeti la asubuhi kama watu wengine wote, na si vigumu kukisia walichofanya na jiko la makaa. Hii ni njia moja ambayo kitabu huwa nadra, na hatuitaji sana tunaposimulia historia za vitabu. Tunajua vitabu vinavyochomwa na adui. Vipo pia vinavyochomwa na mwenyewe, usiku, mlango umefungwa, kwa mkono unaotetemeka.

Nakala moja au mbili zilivuka bahari. Aprili 1925, miezi michache kabla ya Gerber kukamatwa, jarida dogo la Paris liitwalo L'Amitié lilichapa uhakiki wa Friendship and Freedom. L'Amitié pia ni Urafiki. Lilikuwa limeanzishwa na vijana waliokuwa nyuma ya jarida jingine, Inversions, lililoshtakiwa baada ya matoleo machache. L'Amitié lilitoka mara moja tu, na wahariri wake wakahukumiwa kifungo. Nakala nyingine ilifika Berlin na kuingia katika ile picha ya Hirschfeld.

Berlin ilionekana mahali salama. Mwaka 1919 Hirschfeld alikuwa amefungua huko Taasisi ya Sayansi ya Jinsia, yenye kliniki, ukumbi wa mihadhara, na maktaba iliyofikia vitabu zaidi ya 10,000 pamoja na picha na faili za wagonjwa. Kama ungetaka kuhifadhi jarida la namna hii mwaka 1930, ungelipeleka pale. Tarehe 6 Mei 1933 wanafunzi wafuasi wa Hitler walivamia jengo, wakapora maktaba. Siku nne baadaye, usiku wa tarehe 10 Mei, vitabu vile vilitupwa motoni katika uwanja wa Opera pamoja na vitabu vya waandishi wengine wengi. Sanamu ya kichwa cha Hirschfeld ilibebwa katika maandamano. Yeye mwenyewe alikuwa nje ya nchi. Aliutazama moto huo Paris, katika filamu ya habari ya sinema. Akafa Nice mwaka 1935, siku aliyotimiza miaka 67.

Nyumba ya Adolf Brand nayo ilipekuliwa mara kadhaa mwaka huo wa 1933, na majarida na maandiko yake yakachukuliwa. Die Freundin lilikufa mwaka huohuo. Ndiyo maana msomaji wa leo anapoona nakala ya Der Eigene ndani ya kabati la kioo, asidhani unadra wake umetokana na umri tu. Yapo magazeti mengi ya mwaka 1925 ambayo hayana thamani yoyote sokoni. Haya yamekuwa nadra kwa sababu kila mkono uliopaswa kuyahifadhi ulikuwa na sababu ya kuyaangamiza: polisi, posta, serikali, msomaji mwenye hofu, na hatimaye ndugu wa marehemu wanaokuja kugawana vitu, wakakuta chini ya godoro kitu ambacho hakuna anayetaka jirani akione.

Hadithi ingeishia hapo kama si watu wachache wakaidi.

Mwaka 1947, Los Angeles, katibu muhtasi mmoja wa studio ya filamu ya RKO alikuwa na bosi aliyemwambia aonekane ana shughuli hata kama kazi zimekwisha. Alikuwa Edythe Eyde. Akaweka karatasi na kaboni kwenye taipureta ya ofisi akaanza kuandika jarida la wanawake wanaopenda wanawake, akaliita Vice Versa. Kila toleo alilichapa mara mbili, nakala tano kwa mkupuo mmoja, hivyo akapata kumi. Alitoa matoleo tisa hadi Februari 1948. Mwanzoni alituma baadhi kwa posta, rafiki akamwonya kuwa angeweza kufungwa, akaanza kuzigawa kwa mkono. Aliwaomba wasomaji wasitupe nakala ila wampe mwingine. Ukilinganisha na Gerber, Eyde hakuwa na hati ya serikali, hakuwa na ofisi, hakuwa na orodha ya wanachama. Na nakala zake zipo hadi leo. Wakati mwingine kilichojificha vizuri hudumu kuliko kilichosajiliwa.

Lakini jarida la nakala kumi haliwezi kumfikia kijana aliye peke yake katika mji wa mbali. Hilo huhitaji posta. Januari 1953 kundi dogo la watu wa Los Angeles lilianzisha jarida liitwalo ONE, wakaliuza hadharani na kulituma nchi nzima. Mkuu wa posta wa jiji, Otto Olesen, alilizuia toleo la Oktoba 1954 akisema ni chafu. Kichwa kikubwa kwenye jalada la toleo hilo kilikuwa onyo kwamba mambo fulani hayaruhusiwi kuchapwa, na makala yenyewe iliandikwa na wakili wa jarida, Eric Julber, akieleza mipaka ya sheria. Julber, kijana bado, aliichukua kesi bila malipo. Akashindwa katika mahakama ya kwanza. Akashindwa katika rufaa. Akaenda Mahakama ya Juu ya Marekani, na tarehe 13 Januari 1958 mahakama ikabatilisha hukumu zilizotangulia kwa maneno machache mno, bila hata kuwasikiliza mawakili ana kwa ana. Kujadili mapenzi ya watu wa jinsia moja, peke yake, hakukuwa tena uchafu mbele ya sheria. Posta ilipaswa kubeba.

Na ilibeba nini? Miongoni mwa mengine, Septemba 1962, ilibeba toleo la ONE lenye kumbukumbu ya mzee mmoja aliyesimulia kuhusu chama alichoanzisha Chicago mwaka 1924, mhubiri aliyekuwa rais wake, mpelelezi wa saa nane za usiku na shajara zisizorudishwa. Mzee huyo ni Gerber. Posta iliyomfukuza kwa sababu ya jarida ndiyo iliyoisambaza hadithi ya jarida lile. Sehemu kubwa ya tunayoyajua juu ya Friendship and Freedom, pamoja na niliyoyasimulia hapa, inatokana na kumbukumbu hiyo. Gerber alifariki tarehe 31 Desemba 1972, miaka 80, katika makazi ya wanajeshi wastaafu mjini Washington.

Kukusanya nako kuna mashujaa wake. Jim Kepner aliokotwa mwaka 1923 huko Galveston, Texas, mtoto mdogo aliyefungwa kwenye gazeti na kuachwa chini ya kichaka. Mwaka 1942 alinunua The Well of Loneliness, riwaya ya Radclyffe Hall ambayo mahakama ya London iliamuru nakala zake ziharibiwe mwaka 1928. Hakuacha tena kununua. Alihifadhi vitabu, majarida, vipeperushi, barua, katika vyumba vya kupanga alivyomudu kwa shida. Mkusanyo wake umekuwa sehemu ya ONE Archives katika Chuo Kikuu cha Southern California, hifadhi yenye nyaraka na vitu zaidi ya milioni mbili.

Na baadhi ya vitu vya Hirschfeld mwenyewe vilipatikana mahali ambapo hakuna angevitafuta. Mwenzi wake wa miaka ya mwisho, Li Shiu Tong, aliyekutana naye China, alihama nchi hadi nchi akiwa na masanduku ya marehemu, akafia Vancouver mwaka 1993. Vitu vyake vilitupwa jalalani. Jirani akaviona, akaviokota, akavitunza kwa miaka kadhaa bila kujua vizuri ni vya nani, mpaka watafiti kutoka Berlin wakamfikia. Moto wa 1933 haukuvipata. Gari la taka nusura livipate.

Sisi huku tuna nini? Swali hilo linanirudisha Zanzibar, mwaka 1899. Mwaka huo jarida la kitaalamu la Berlin lilichapa makala fupi ya Oskar Baumann, msafiri kutoka Vienna aliyekuwa balozi mdogo wa Austria na Hungaria kisiwani. Makala ilihusu watu wa Zanzibar wanaopenda wa jinsia yao, nayo ilitaja maneno ya Kiswahili aliyoyasikia, likiwemo mke-si-mume. Baumann alifariki mwaka huohuo. Ferdinand Karsch-Haack, mmoja wa wasomi waliokuwa wakiandika katika kitabu cha mwaka cha Hirschfeld, aliitumia makala hiyo katika kitabu chake kinene cha mwaka 1911.

Nina mawazo mawili kuhusu kurasa hizo. Kwa upande mmoja, zinamjibu anayesema jambo hili lililetwa juzi na ndege: mgeni alilikuta na majina yake ya Kiswahili. Kwa upande wa pili, zimeandikwa na balozi wa dola ya kigeni, kwa Kijerumani, kwa wasomaji waliotuhesabu kuwa vielelezo. Mke-si-mume hakuandika chochote. Hatujui alicheka nini, alimpenda nani, alikufa vipi. Wenzake wa Berlin walikuwa wanajiandikia wenyewe wakati huohuo. Yeye aliandikwa.

Tulicho nacho kwa wingi ni neno. Angalia majina ya majarida yote haya: Urafiki, Rafiki wa Kike, Urafiki tena, Urafiki na Uhuru. Watu wa Berlin, Paris na Chicago walichagua kujificha nyuma ya neno moja, kwa kuwa ndilo neno ambalo polisi hawezi kulikamata. Kwetu, wanawake wa pwani bado huitana shoga wakimaanisha rafiki wa karibu, na neno hilohilo mtaani lina maana nyingine. Mwaka 2018 Wanuri Kahiu alipotoa filamu yake ya wasichana wawili wa Nairobi, aliiita Rafiki. Alieleza kwamba wapenzi wa jinsia moja nchini Kenya mara nyingi hulazimika kumtambulisha mpenzi kwa jina hilo. Filamu ilipigwa marufuku. Septemba mwaka huo mahakama iliruhusu ionyeshwe kwa siku saba, na kumbi zikajaa.

Siku saba, matoleo mawili, nakala kumi. Vipimo vya historia hii ni vidogo. Sioni haja ya kuvitia chumvi.

Mwaka 1981 watu wa Chicago walianzisha maktaba na hifadhi ya nyaraka za watu hawa, wakaipa jina la Gerber pamoja na la wakili Pearl Hart. Inaitwa Gerber/Hart. Watafiti huenda pale kusoma vitabu na majarida ambayo zamani yangewapeleka jela. Rafu ni nyingi na zimejaa. Jarida la Gerber halimo.